Mahali pa Mwisho kwenye Mstari

Tulikuwa wanawake watano tuliotoka upande wa Gatitu kwenda sokoni Nyeri mjini, na tulitembea kwa mstari. Mtu asiyetujua angedhani ni kwa sababu ya kijia chembamba. Kijia kilikuwa chembamba kweli, lakini hata tulipofika kwenye lami, ambapo tungeweza kutembea sote bega kwa bega tukipiga gumzo, hatukuvunja mstari. Ule mstari ndio uliokuwa ulinzi wetu.

Miaka hiyo, uhuru ukiwa bado mpya, mwanamke wa kwetu alibeba kiondo, kikapu cha kusukwa, mgongoni, ukanda wake ukikaza kwenye paji la uso. Ukibeba hivyo macho yako yako chini, mikono yako imeshika ukanda, na kugeuka haraka huwezi. Vijana wa mjini walilijua hilo. Walikuwa wakikufuata polepole kama watu wenye safari zao. Mkifika mtaa wa Majengo, pale vibanda vimekaribiana hata watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuze ubavu, mkono unaingia kiondoni na kutoka na sabuni au pakiti ya majani ya chai. Wengine walikuja na wembe, wakapasua kiondo chini. Unafika nyumbani unafungua, unaona nyasi kupitia tundu.

Kwa hivyo kila mmoja wetu alilinda kiondo cha aliyekuwa mbele yake. Wewe huwezi kuona mgongo wako, lakini wa mwenzako uko mbele ya macho yako muda wote. Ukiona mkono unasogea, unasema kwa sauti, "Mgongo!" na sote tunasimama na kugeuka. Hilo tu. Kijana anaona nyuso tano zinamtazama, anapita zake. Hatukuita "mwizi". Mzee wetu alitukataza. Alikuwa muuza ndizi, ametembea barabara ile tangu kabla sijaolewa, na sote tulimwita Cucu, yaani nyanya.

"Ukiita mwizi, wanakuja na mawe," alisema. "Na kesho mama yake anakuja kununua ndizi kwangu. Nitamwangalia na macho gani?"

Lakini mstari una mwisho, na wa mwisho hana mtu nyuma yake. Siku yangu ya kwanza, Cucu alichungulia kiondo cha kila mmoja. Mke wa seremala alikuwa na mayai na siagi. Wengine wawili walikuwa na minji na karoti nzuri, na wakirudi wangekuwa na unga, sukari na mafuta ya taa. Mimi nilikuwa na sukuma wiki na vitunguu vidogo vilivyochelewa kukua. Cucu akaangalia, akafunika.

"Huyu aende nyuma," akasema. "Mwizi akiingiza mkono hapa atatoka na huruma."

Walicheka, nami nikacheka. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa hesabu ya kweli: nyuma aende yule ambaye hasara yake ni ndogo. Hata mimi ningekuwa Cucu ningepanga hivyo. Lakini hesabu hiyo ilifanywa mbele ya watu, na tangu siku hiyo kila asubuhi nilipoenda kusimama nyuma bila kuambiwa, nilikuwa kama mtu anayejibu swali ambalo wote wanajua jibu lake. Mke wa seremala ndiye aliyekuwa mbele yangu. Nilikilinda kiondo chake kwa miaka mingi. Ningeweza kukichora nikiwa nimefumba macho, mistari ya zambarau na ya rangi ya kahawia, na mahali pamoja ambapo uzi ulikuwa umeisha akaunganisha na mwingine usiofanana.

Mume wangu alichonga mawe kwenye machimbo. Kazi yenyewe haikuwa mbaya kwa mtu mwenye nguvu, ila vumbi lilikaa kifuani, na mwishowe alikuwa akipumua kama mtu anayepanda mlima hata akiwa amekaa. Alikuwa mtu mpole. Nguo zake zote zilikuwa za watu. Suruali ilikuwa ya msimamizi wa machimbo, koti la mvua lilikuwa la marehemu kaka yake, na viatu alivinunua kwa mtu aliyekuwa amevinunua kwa mtu. Hata shati alilovaa tulipobarikiwa ndoa kanisani, tukiwa tayari tumezaa, aliliazima. Hakulalamika. Niliwahi kudhani haoni.

Alipolazwa katika hospitali kuu nilikuwa nikipita kumwona baada ya soko. Siku moja alikuwa na nafuu, amekaa, amevaa nguo ya wodini yenye mhuri kifuani. Akaivuta kwa vidole viwili.

"Hii nayo imevaliwa na wangapi?" akasema.

"Wanaifua," nikamwambia.

"Najua wanaifua." Akapumua kidogo. "Mama watoto, nikienda, unitafutie nguo ambayo haikuwa ya mtu mwingine. Ata kama ni shati tu. Nataka niwe wa kwanza kuivaa."

Nikamwambia aache maneno hayo. Akacheka, akakohoa, akasema, "Sawa, nimeacha." Hakulirudia tena. Alikufa wiki zisizo nyingi baadaye, asubuhi, nikiwa njiani na sukuma wiki mgongoni.

Niliuza mbuzi wetu, na wenzake wa machimbo wakaongeza, na wanawake wa mstari wakaongeza pia. Nilienda kwa fundi wa nguo wa Majengo, mzee Mwislamu mwenye cherehani karibu na msikiti, nikamwambia nataka suti mpya. Nilisisitiza neno mpya. Kwenye vibanda vya kafa-ulaya, vya nguo kuukuu, ningepata suti nzuri ya Mzungu kwa bei ndogo, na shemeji zangu walinishangaa kwamba napoteza pesa kwa kitu kinachokwenda ardhini. Sikuwaeleza. Niliona ni siri kati ya mtu na mke wake.

Fundi aliniuliza vipimo, nami sikuwa na karatasi. Nilisimama nikamwonyesha kwa mikono: mabega yake yanafika hapa, mkono unaishia hapa. Nilipoonyesha kifua mikono yangu ilibaki hewani nikashindwa kuishusha. Mzee akainamia kitambaa chake akajifanya anatafuta chaki.

"Pole, mama," akasema. "Mungu amrehemu. Nitaishona kama ya mtu anayekwenda harusini."

Asubuhi ya mazishi wanawake wa mstari walinisindikiza. Kwetu mfiwa hatembei peke yake. Lori la machimbo lilikuwa limetangulia hospitalini na jeneza, na seremala mwenyewe akiwa ndani, kwa kuwa ndiye aliyelitengeneza. Kazi yetu sisi ilikuwa kupitia Majengo kuchukua suti, kisha kuipeleka chumba cha maiti ili avishwe. Kijijini watu walikuwa wakingoja. Jeneza lingefunguliwa wamwone, kama kawaida.

Suti ilikuwa tayari. Fundi aliikunja ndani ya karatasi ya kaki akaifunga kwa uzi, na niliponusa ile karatasi ilikuwa na harufu ya kitambaa ambacho hakijagusa jasho la mtu. Niliiweka kiondoni nikaifunika kwa leso.

Nje ya duka Cucu alikuwa akipanga mstari. Akaniangalia.

"Leo wewe ingia katikati," akasema.

"Nitabaki mahali pangu, Cucu."

"Umebeba kitu leo. Ingia katikati."

Mke wa seremala akasogea kunipisha. "Njoo hapa mbele yangu, wakwa," akasema, yaani wangu. "Nikuangalilie."

Nikakataa. Sikukasirika, na sikupaza sauti. Nilisema tu kwamba nimezoea nyuma, na kwamba tunachelewa. Watu wanadhani mfiwa hafikirii mambo madogo, lakini mimi nilikuwa nikifikiria hili: miaka yote nilikuwa wa nyuma kwa sababu sikuwa na kitu, na leo wananivuta katikati kwa sababu mume wangu amekufa na wao wenyewe wamechanga nikapata kitu. Kuingia pale katikati ningeona kama nakubali kila kilichokuwa kimesemwa juu ya kiondo changu. Niliona haya. Cucu akatangulia, maana mfiwa habishiwi.

Tukaingia kwenye vile vichochoro vya vibanda. Ilikuwa siku ya soko, watu wengi, mwanamke mmoja ameweka karai la samosa katikati ya njia, punda wa maji anasukumwa kando. Macho yangu yalikuwa kwenye kiondo cha mke wa seremala, kama siku zote. Mahali fulani pale, ukanda ulilegea kwenye paji langu.

Niliuhisi. Hili ndilo neno gumu kwangu. Sitasema sikuhisi. Nilihisi mzigo umekuwa mwepesi, na nikapumua. Shingo yangu ilifurahi. Nilikuwa nimezoea kurudi nyumbani na kiondo chepesi, na mwili wangu ukapokea wepesi ule kama kitu chake cha kila siku, nikaendelea kutembea. Neno "mgongo" halikunijia hata kidogo. Nilikuwa nimelisema mara nyingi kwa ajili ya wengine, lakini sijawahi kulisema kwa ajili yangu, na hakuna aliyewahi kulisema kwa ajili yangu.

Kwenye lango la chumba cha maiti Cucu alinisaidia kutua. Aliinua leso, akaingiza mkono, akautoa. Akaingiza tena.

"Umempa mtu?" akaniuliza.

"Nimpe nani?"

Hapo ndipo nilipoangalia. Kiondo hakikupasuliwa hata. Mtu alikuwa ameitoa taratibu na kuirudisha leso vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Imeibwa," nikasema. "Nilihisi ikitoka. Sikujua ndiyo ile."

Hakuna aliyelia. Wawili wetu, wale wauza minji, waligeuka mbio kurudi Majengo kuuliza, na sote tulijua wataambiwa hakuna aliyeona. Mke wa seremala alishika mdomo wake. Cucu alikaa chini juu ya ukingo wa mtaro, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya njiani, akawa anasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi nilikuweka huko. Ni mimi." Nikamwambia si yeye, alikuwa amenitoa nikakataa. Akatikisa kichwa tu. Nilitamani angenigombeza.

Mhudumu wa chumba cha maiti akatoka. Alikuwa na haraka, kulikuwa na familia nyingine mbili nje.

"Nguo za marehemu ziko wapi?"

Tukamweleza. Akasema pole, na akasema pia kwamba hawezi kungoja. Akaingia ndani akarudi na furushi lililofungwa kwa kamba, nguo ambazo mume wangu alikuja nazo siku ya kulazwa. Akanipa mikononi. "Labda kuna kitu hapa," akasema.

Nililifungua kidogo. Ilikuwepo suruali ya msimamizi, na juu yake sweta ya kijivu. Kiwiko kimoja kilikuwa kimetoboka, na vumbi la mawe lilikuwa limeingia kwenye uzi mpaka halitoki kwa kufua. Nilifikiria jeneza wazi, na watu wa kwetu wakipita mmoja mmoja, na shemeji zangu waliojua nimeuza mbuzi. Nikalifunga furushi.

Seremala alikuwa amesimama kando ya lori akisikiliza. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye maneno machache. Alivua koti lake la kanisani, jeusi, akalikung'uta mara mbili, akampa mhudumu bila kuniangalia.

"Mvishe hili," akasema. "Lina joto."

Nami nikasema asante. Nilisema kwa haraka, kabla sijawaza kitu kingine chochote, jinsi mtu anayezama anavyoshika kamba. Koti lilikuwa pana mno kwa mume wangu. Mke wa seremala aliingia ndani akalibana kwa nyuma kwa pini alizotoa kwenye kitambaa chake cha kichwa, akatoka na kitambaa chenyewe kikining'inia. "Limemkaa vizuri," akaniambia. "Haionekani."

Kijijini walifungua. Watu walipita, wakasema amependeza. Nilisikia mtu akisema kumbe mbuzi hakwenda bure. Nilitazama chini. Kisha wakamleta mama mkwe wangu, ambaye macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga mdogo tu, akawa anaona kwa mikono. Alishika uso wa mwanawe. Akashuka mpaka kwenye koti, akalipapasa, akainama akanusa.

"Huyu alikuwa mtu wa mawe," akasema. "Mbona ananukia mbao?"

Ningeweza kuacha mtu mwingine amjibu, au kumwambia ni harufu ya jeneza, maana jeneza lilikuwa jipya na lilinukia pia. Lakini alikuwa ameniuliza mimi, uso wake umeelekea niliposimama.

"Ni koti la seremala, mama," nikasema. "Suti yake imeibwa leo kwenye kiondo changu."

"Kwenye kiondo chako?"

"Ndiyo, mama. Nikiwa nimekibeba."

Alibaki ameshika ile kola. "Basi anakwenda na la mtu," akasema, si kwa hasira, kama anayerudia bei aliyotajiwa. Akaondolewa polepole. Seremala alikuwa nyuma ya watu, amevaa shati, na upepo wa mlima siku hiyo ulikuwa wa baridi ya Julai.

Usiku baada ya watu kuondoka nilifungua lile furushi nifue. Nilipoinua sweta ndipo nilipokumbuka kwamba niliifuma mimi. Niliifuma mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwa uzi mpya, na alipoivaa mara ya kwanza shingo ilikuwa ndogo akakwama ndani yake akicheka. Katika nguo zake zote, hiyo ndiyo peke yake ambayo haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa nayo mikononi pale langoni. Aliniomba kitu kimoja, nami nilikuwa na viwili vya kumpa: mwizi akachukua cha kwanza, na cha pili nikakifunga kwa kamba mimi mwenyewe kwa sababu kilikuwa na tundu na watu wangekiona.

Mstari wetu haukupona. Niliporudi sokoni, Cucu alitaka kwenda nyuma. Mke wa seremala akasema haiwezekani, mzee kama yeye. Mmoja wa wauza minji akasema tupokezane. Kila asubuhi ikawa na mabishano madogo ya adabu, kila mtu akijitolea, na hakuna aliyeweza tena kuchungulia kiondo cha mwenzake na kusema huyu aende wapi. Kidogo kidogo tukaanza kubeba vikapu mkononi, vimekumbatiwa kifuani kama mtoto mgonjwa, kila mtu na chake. Kwa kweli hakuna aliyeibiwa tena. Lakini ukikumbatia kikapu hivyo unatazama kikapu chako tu.

Seremala alienda kanisani na shati, na siku za baridi na kabuti yake ya kazi yenye madoa ya gundi. Nilimwambia mke wake nataka kumpelekea kitambaa cha koti. Akanikatalia hapo hapo.

"Usithubutu," akasema. "Ukimletea atajua umekaa ukifikiria. Yeye amesahau. Acha asahau."

Sweta niliiziba kiwiko nikawa naivaa mimi, ikinifika magotini. Asubuhi moja ya ukungu tulikuwa tukitembea na mke wa seremala, sisi wawili tu, akaigusa kwenye mkono.

"Hii si ilikuwa yake?"

"Ilikuwa yake. Niliifuma mimi."

Akatembea kidogo. "Na siku ile ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa kwenye furushi. Nilikuwa nimeishika."

"Sasa mbona hatukumvisha hiyo?"

Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza kwa nini hukuja jana. Hakujua alichokuwa ameniambia mume wangu wodini, na sikutaka ajue, maana angelichukua akampelekea mume wake, na koti lile likamwangukia yule mtu mwema kama jiwe. Hilo nikaliacha. Lile lingine nikamjibu.

"Niliona haya. Ilikuwa na tundu."

"Haya ya nani?"

"Ya watu."

Akahamisha kikapu chake upande wa pili. "Ata mimi ningeona," akasema. Tulikuwa tumefika kwenye lami, magari yakaanza kupita, tukasogea kando mmoja baada ya mwingine.